Gazeti Lisiletwe Tena

Mikono kumi na mmoja ilipanda juu kwa mpigo, yote imejaa vumbi la tumbaku. Mkono wa kumi na mbili, wa Soumini, ulibaki pajani umeling'ang'ania gazeti kama mtu aliyemshika kuku asimponyoke.

"Basi, limepita," alisema Madhavi, mwenyekiti wa karakana, na macho yake tayari yamerudi kwenye ungo. "Kuanzia tarehe mosi gazeti lisiletwe tena. Kila mtu ana simu siku hizi. Dada Soumini, mwandiko wako ndio mzuri humu ndani, kwa hiyo wewe utatuandikia barua ya kwenda kwa wakala wa magazeti."

"Niiandike mimi?"

"Sasa aandike nani? Rohini? Mwandiko wa Rohini ni nzi aliyetoka kuoga wino!"

Wanawake wakaangua kicheko, na Rohini, mdogo wao kuliko wote, akacheka kuwashinda. Soumini naye alijichekesha. Moyoni alikuwa amefiwa.

Kumsomea mtu anayesokota biri, zile sigara ndogo za kuviringishwa kwa jani, ni kazi, na huko katika mji wa Kannur ni kazi yenye heshima yake. Soumini alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Ikifika saa nne asubuhi aliweka ungo wake kando, akapanda kwenye kigoda kilichokuwa katikati ya chumba, akasafisha koo na kuanza kusoma. Wenzake, wameketi chini wameegemea kuta, waliendelea: kata jani, tia tumbaku, viringisha, funga uzi. Kila mmoja alimtupia Soumini fungu la biri zake kwenye ungo ili hesabu ya msomaji ya siku itimie. Ndivyo walivyosomewa mama zao, na bibi zao kabla yao. Sauti ya Soumini ilivuka barabara hadi kwenye duka la chai, na wanaume waliokaa pale walijifanya hawasikilizi. Bila sauti hiyo, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye vidole vizito, basi.

Lakini kilichomkosesha raha hakikuwa kigoda peke yake. Soumini alikuwa na siri, na alihisi kwamba siri hiyo ndiyo iliyopigiwa kura.

Ilianza mwaka wa tatu. Siku hiyo ukurasa wa kwanza ulikuwa na habari ya moto uliounguza kambi ya vibarua huko Uarabuni, na mume wa Devaki, mwenzao wa karakana, alikuwa kibarua huko huko Uarabuni. Soumini alikuwa katikati ya sentensi alipoona vidole vya Devaki vimesimama, jani limekunjwa nusu. Mdomo wa Soumini ukatangulia mbele ya macho. "Vibarua wote wameokolewa," akasoma, pahali ambapo palikuwa na idadi ya waliokufa. Vidole vya Devaki vikarudi kazini. Baadaye ikajulikana kwamba mume wake alikuwa katika mji mwingine kabisa, mzima wa afya, analalamikia chakula.

Tangu hapo ikawa mazoea. Mafuriko yalipungua siku mbili kabla ya wakati wake. Mtoto aliyepotea alionekana kwa shangazi yake, anakula fenesi. Waziri aliyekataa kujiuzulu alijiuzulu, na karakana ikapiga makofi. Soumini hakujiona mwongo. Alijiona kama mpishi anayeonja kabla ya kupakua. Kisha zikaja simu. Wiki mbili tu zilizopita, baada ya habari ya tembo aliyekimbia hekaluni, alimwona Rohini akimnong'oneza Devaki sikioni, na wote wawili wakainamisha vichwa.

Wamejua, alijiambia. Na kwa adabu yao wameona afadhali waliue gazeti kuliko kuniumbua mimi.

Barua aliiandika mchana ule ule, wenzake walipokuwa wakinawa mikono kwa ajili ya wali na samaki. Aliiandika vizuri mno, kwa ukaidi. *Tunakuomba kwa heshima usituletee tena gazeti.* Alitamani kuongeza maneno mawili matatu ya kuilainisha, mkono wake ukakataa. Aliona haya. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi akaacha habari kama ilivyo.

Tarehe mosi aliingia mapema, akajichagulia nafasi ukutani karibu na mlango, akaketi chini na ungo wake mapajani. Ilipofika saa nne alikuwa bado anasokota. Biri yake ya tano ilifunguka mkononi kama ua.

"We dada," Rohini akaita, "unafanya nini huko chini?"

"Nasokota. Gazeti si mmelifukuza?"

"Tumefukuza gazeti, tumekufukuza wewe?"

"Nitasoma nini, Rohini? Ukuta?"

Madhavi akaweka mkasi chini. "Soumini, ngoja tuseme, maana naona hukutuelewa. Yule tembo wa hekaluni. Kwenye simu ya Rohini alivunja mabasi matatu na nguzo ya umeme. Wa kwako je?"

Masikio ya Soumini yaliwaka moto. "Alipewa ndizi na mtoto wa shule," alisema kwa sauti ya chini.

"Halafu?"

"Akalala."

Karakana nzima ikalipuka kwa kicheko. Rohini alijipiga mapaja mpaka tumbaku ikamwagika. "Akalala!" alirudia, machozi yakimtoka. "Mimi nilimsimulia mume wangu huyo wa ndizi, akaniambia mbona ni mzuri kuliko wa kweli!"

"Kwa hiyo mlijua," Soumini akasema.

"Tangu lini hatujui?" Ni Devaki aliyejibu, naye hakuwa akicheka. "Siku ile ya moto, alasiri baada ya kazi nilipita kwenye duka la chai nikalisoma gazeti mwenyewe. Nikalia njia nzima. Lakini kabla ya hapo, dada, nilimaliza kazi yangu. Nilikaa saa tano nzima bila kulia. Hizo saa tano ulinipa wewe."

Soumini alikuwa amejiandaa kwa aibu, na sasa alikuwa na furaha iliyomjia ghafla bila kupiga hodi, hajui aiweke wapi.

"Kila asubuhi tunakuona," Madhavi aliendelea, "unahangaika na ule ukurasa wa kwanza kama mtu anayemtolea mtoto miba ya samaki. Tukasema, jamani, kwa nini huyu mwanamke asipewe samaki asiye na miba? Gazeti ndilo linalokuchelewesha. Panda kwenye kigoda chako."

"Mnataka niwadanganye?"

"Tunataka utusomee. Ukweli tunao, umejaa kwenye simu ya Rohini mpaka inaishiwa chaji."

Akapanda. Kigoda kilikuwa kile kile, ila mikono ilikosa kazi. Aliinyoosha mbele kama amefungua kurasa, akaona ni ujinga, akaiweka magotini. Miaka yote hiyo alikuwa akipindisha njia iliyochorwa na mtu mwingine. Sasa hapakuwa na njia. Kumi na mmoja walimsubiri, mikasi ikikata majani taratibu.

Akasafisha koo.

"Mjini Payyannur, leo asubuhi," akaanza. "Mwanamke mmoja mwenye kapu amepanda basi, na sasa amekataa kushuka."

"Kwa nini amekataa?" Rohini akauliza.

"Kapuni mna nini?" Devaki akadakia.

Soumini alifumba macho. Alimwona mwanamke yule kwenye kiti cha mbele, kidevu juu, kondakta akimsihi, abiria wakigawanyika pande mbili. Kapu lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kikicheza.

"Sokoteni, nyie," akasema. "Hata mimi bado sijui."