Karnesheni Zilizofungwa Gazeti

Bibi yangu Ghislaine aliimba opera mjini Toulouse, Ufaransa, miaka kumi na tisa, halafu akaacha ghafla. Sauti yake ni ile ya kike ya kati, nzito kama asali, na wenye sauti hiyo jukwaani hawawi bibi harusi hata siku moja! Wanapewa kuigiza wachawi, mayaya, na wavulana wa suruali za kubana.

"Nimebusu mikono ya wasichana wengi kuliko babu yako," husema.

Jumapili tulikuwa kwake tunakula maharage na bata. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya divai, inarekodi, nimnase akikubali, maana jumba la opera linataka aimbe wimbo mmoja kwenye sherehe ya wakongwe, na amekataa mara tatu.

"Walinifukuza kwa maua, Maëlys. Siendi!"

Zamani kwenye opera kila mtu alijua: msimu ukiisha, mkurugenzi akikuletea waridi, unabaki. Akikuletea karnesheni, fungasha. Mwaka 1984 Bibi alikuta karnesheni nyekundu mlangoni pa chumba chake, bila kadi. Hakuuliza. Alifungasha.

Josiane, aliyekuwa akimvalisha enzi hizo, akaweka uma chini. "Maua gani tena? Si ulituambia koo limechoka?"

"Ningesema nini? Karnesheni, Josiane. Zimefungwa gazeti."

"Gazeti? We Ghislaine! Mkurugenzi gani anafunga maua kwa gazeti? Yale aliyaleta baba yako! Alikuja na sare yake ya reli, akaniuliza mlango wako, akasema treni haimsubiri. Na mkurugenzi alikupigia simu wiki nzima!"

"Sikupokea hata moja."

Mchuzi unapoa.

"Baba aliniuliza," Bibi akasema polepole. "'Maua yalikuwa mazuri?' Nikadhani ananicheka. Nikamwacha mezani peke yake. Alikufa hajajibiwa."

Josiane akamshika mkono. "Sasa mjibu, mwenzangu. Jukwaa lipo."

Bibi akafuta macho kwa kitambaa cha meza, akanigeukia. "Zima hiyo simu, uwapigie."

Nizime au nipige? Nikapiga!

Jumamosi iliyofuata alipanda jukwaani na karnesheni nyekundu kifuani, zimefungwa gazeti la jana. Wakongwe wa mstari wa mbele wakashtuka, mmoja akapiga ishara ya msalaba kabisa. Bibi akawatazama, akacheka.

"Yalikuwa mazuri sana, Baba," akasema, ndipo akaimba.