Mfano wa Mgomba

Kikaoni, kabla kata ya pombe ya mbege haijaanza kuzunguka, Ndelilio aliomba kona ya kihamba, shamba la urithi la marehemu baba yake, ajenge chumba kimoja. Mumewe alikuwa amefariki, wakwe wakamtoa, na sasa alikuwa amepanga chumba mjini, mtaa wa Majengo. Ukoo ukamgeukia kaka yake, Aminieli, mrithi wa kihamba hicho. Huko Old Moshi hakuna kikao kilichowahi kuushinda mdomo wake.

"Mtoto wa kike ni mche wa mgomba," alisema Aminieli. "Ukishaung'oa ukaupanda kwa jirani, shimo lake limejifunga. Ukiurudisha, unakauka."

Ulikuwa uongo, na wote pale, wakulima watupu, walijua. Mche wa mgomba hushika popote unapofukiwa. Lakini ulisemwa kwa kituo, kwa sauti ya chini, wakaitikia kwa vichwa.

"Nimesikia, kaka," alisema Ndelilio, akateremka mjini.

Jumatatu asubuhi migomba yote ya mishare, ndizi za kupika, iliyokuwa kihambani ilimfuata. Iling'oka yenyewe, ikapita kando ya kanisa, ikasubiri malori yapite kwenye lami, kisha ikavuka. Ilipofika Majengo ilipasua sakafu ya uani nyuma ya chumba chake, ikasimama. Mwenye nyumba alilalamikia saruji yake tu. Mvua zilipoanza ikatoa majani mapya.

Aminieli alikwenda kuiona. Dada yake alimwamkia, akampa bakuli la mtori.

"Imeshika," alisema Aminieli.

"Imeshika, kaka. Na mimi je?"

Aminieli alijuta, tena alijuta kweli. Njia nzima ya kurudi mlimani alijipangia maneno: nilikosea, dada apewe kona yake.

Kikao kilichofuata, Ebenezeri, mkubwa wa ukoo, aliuliza migomba iliyohama ni ya nani. Aminieli akasimama. Maneno aliyojipangia alikuwa nayo, ila yalikuwa makavu, hayana ladha, na watu walishasogeza viti wapate kumsikia. Mazoea yana taabu.

"Ng'ombe akivuka mfereji," alisema, "maziwa yake ni ya mwenye zizi."

Wakacheka kwa kuridhika, neno lake likapita.

Tangu hapo, kila mkungu unapokomaa Ndelilio huupandisha mlimani, huutua mlangoni kwa kaka yake, humpa shikamoo, hurudi alikopanga. Ndizi ni nzuri kuliko za zamani. Aminieli huzimenya peke yake, na kila mkungu unapoisha humwomba Mungu dada yake agome kuleta mwingine. Ndelilio hajagoma.