Simu ya Wazi ya Trizah

Bisibisi ndogo ya kijani ilikuwa bado mezani, na kila Lorine alipoitupia jicho alishikwa na kinyaa. Ilikuja bure pamoja na simu. Bravin, kijana wa kampuni iliyoitengeneza, alisimama na spika zake sokoni Mbita, akaifungua simu mbele ya umati, akaifunga, ikawaka. "Hii ni simu ya wazi, watu wangu! Ukinunua ni yako, nje na ndani!" Lorine, fundi wa simu mzima, akaamini. Ndiye aliyemshawishi mdogo wake Trizah ainunue.

Trizah ni kiziwi, na mumewe Makori, anayefanya kazi kiwandani Awendo, ni kiziwi pia. Kila jioni waliongea kwa mikono kupitia video. Kuandikiana waliweza, lakini utani wa mke na mume hauandikiki. Lugha yao iko mikononi na usoni. Kisha simu ikatumbukia kwenye beseni la kuoshea omena, dagaa wa ziwani, kamera ya mbele ikafa.

Hilo halikumtisha Lorine. Simu huzama kila siku pale ufukweni, na mafundi wa Mbita wamezoea kutoa kiungo kwa maiti wakampa mgonjwa. Alipata simu nyingine ya aina ile ile, iliyokwisha kuungua, akaitoa kamera yake akaipachika kwenye ya Trizah. Simu ikawaka, ikaandika: *Kamera hii haijaidhinishwa.*

Akapigia kampuni. Dada mmoja mwenye sauti tamu akamwambia kuidhinisha ni kazi yao wenyewe, na kwa kamera yao mpya tu.

"Na ule uwazi mliotuimbia?"

"Simu ni ya wazi, madam. Si umeifungua?"

Lorine akakata. Mdomo ulimwia mchungu kama wa aliyelamba nyongo ya samaki. Afadhali wangeiziba kwa gundi, mtu ajue moja. Lakini wanakufungulia mlango, ndani wamekaa wao, na bado wanataka uwashukuru!

Wiki iliyofuata Bravin akarudi. Alipomwona Trizah kibandani kwa Lorine akizungumza na dada yake kwa mikono, uso ulimng'aa.

"Huyu siz hasikii? Safi sana! Wacha nimchukue kavideo, aseme vile simu imemsaidia."

Hakuuliza kama imemsaidia. Lorine alitaka kumtimua, lakini Trizah, alipoelezwa, akamzuia. Akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, akaitazama kamera ya Bravin, akaanza. Mikono ikaenda mbio, ikapoa, ikagusa shavu, ikacheka. Machozi yakamlengalenga Lorine.

"Anasifu nini hapo?" Bravin akanong'ona, simu bado juu.

"Anaongea na bwanake. Anamwambia mtoto ameota jino la kwanza. Anamwambia hajamnyamazia, ni nyinyi mmemziba mdomo."

Tabasamu la Bravin likafifia. "Hiyo siwezi kuweka kwa tangazo."

"Basi mtumie Makori. Nakupa namba."

"Haiwezekani, madam. Video ni mali ya kampuni."

Lorine akatema mate chini, karibu na viatu vya Bravin. Trizah, ambaye hakusikia lolote, alikuwa bado anamweleza Makori kuhusu jino.