Nani Kapika?

Damari alikuwa amechuchumaa kwenye jiko la jirani yake Loyce tangu alfajiri, na hasira aliyokuwa nayo ingetosha kuchemsha chungu bila kuni. Siku ya posa ya binti yake wa pekee, anapika kwa kujificha kama mwizi! Hebu niambieni, mmeyaona wapi hayo?

Aliyeyaleta yote ni shemeji yake Bonifasi, mdogo wa marehemu mumewe. Bonifasi alikuwa amefungua duka kule Kiomboi, bidhaa zilipoanza kufurika madukani baada ya ile miaka ya foleni, na tangu hapo kichwa kikamvimba. Kwake yeye, kilichotoka kwenye boksi ndicho chakula, kilichotoka kwenye chungu ni ushamba. Jana yake aliingia pale nyumbani Kinampanda na katoni za biskuti, kreti tatu za soda, mikate ya dukani na makopo ya siagi, akasimama katikati ya ua, majirani wakisikia, mikono kiunoni.

"Shemeji, kesho hupiki," alisema. "Jiko lizimwe kabisa. Sitaki wageni wafukizwe moshi. Sitaki ugali wa uwele, sitaki mlenda wa kuvutika mpaka kwenye viwiko. Wewe vaa kitenge chako ukae ndani. Siku hizi mambo ruksa."

"Kama mambo ni ruksa, mbona mimi unanikataza?"

Bonifasi alicheka tu, akaenda zake. Kicheko kile kilimnyima Damari usingizi usiku mzima. Alikumbuka miaka ile sukari ilipopotea, watu wakinywa uji wa chumvi. Ni nani aliyewalisha watoto wa Bonifasi utamu? Si yeye, kwa asali ya mizinga aliyoiacha mumewe? Walikuwa wanakuja mbio, wanalamba vidole mpaka kucha zinang'aa. Leo baba yao anaona kinyaa!

Basi akapiga moyo konde, akahamia kwa Loyce na vyungu vyake. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: Rahel asitoke nyumbani bila mkono wa mama yake kuwalisha wakwe.

Rahel alimfuata huko, macho yamemtoka. "Mama, nakuomba. Baba mdogo akigundua ataleta vurugu mbele ya mchumba wangu Gasto na ndugu zake. Posa yangu itavunjika."

"Wewe mwanangu, unayataka hayo mabiskuti?"

Rahel aliangalia sinia lililokuwa kando ya jiko, akachomoa kipande cha kashata, akakitia mdomoni. Damari alikuwa amekaanga karanga kwa moto mdogo, akazipeta maganda yakatoka, akazitwanga nusunusu ili zibaki na meno. Asali aliichemsha mpaka tone lake likaganda kwenye bakuli la maji, ndipo akamwaga karanga na ufuta, akakoroga kwa nguvu, akakata vipande vingali vya moto. Rahel alitafuna taratibu, akafumba macho.

"Haya, nenda ukavae," mama yake alimwambia, sauti imelainika.

Wageni walifika jua likiwa utosini, Damari amekwisha kurudi kwake na kukaa ndani kama alivyoambiwa. Mbele yao alitangulia Bibi Elizabeti, shangazi mkubwa wa Gasto, mwanamke mrefu ambaye hata wanaume wa ukoo wao hawakuketi kabla hajaketi. Shikamoo zilipigwa kila upande, naye akaziitikia moja moja bila haraka. Kisha Bonifasi akapiga makofi, na meza ikajaa: biskuti zikiwa ndani ya makaratasi yake, mikate imepakwa siagi, soda zinatoka jasho.

"Karibuni, karibuni! Vyote vipya, vimetoka mjini!"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote walimtazama Bibi Elizabeti, naye aliitazama meza.

"Nani kapika?" aliuliza.

"Bibi, hivi havipikwi. Vinanunuliwa. Nimenunua mimi."

"Sijauliza nani kanunua. Kwetu sisi, chakula cha posa huonjwa kwanza na aliyekipika, mbele yetu, tumwone macho. Wewe ni wa hapahapa, hulijui hilo?"

Alilijua, sana tu! Baba yake mwenyewe aliozesha binti kwa mtindo huohuo. Ila Bonifasi alikuwa amejiaminisha kwamba boksi lililofungwa halihitaji kuonjwa. Akaokota pakiti moja, akaigeuza juu chini.

"Vimefungwa kiwandani, Bibi. Havijaguswa na mtu yeyote."

"Havijaguswa na mtu," Bibi Elizabeti alirudia. "Kwa hiyo huyo kiwanda ndiye anayetuoza binti?"

Kuna aliyekohoa. Bibi Elizabeti akaanza kukusanya khanga yake magotini, na kila mtu akaelewa kwamba akiinuka, ukoo mzima unainuka naye. Gasto alikuwa amekunja mikono kama anaswali. Rahel, mlangoni, alianza kulia.

Machozi yale ndiyo yalimtoa Damari ndani. Alipita katikati ya wageni, akapiga goti mbele ya Bibi Elizabeti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mama wa binti?"

"Ndiye mimi. Na nimepika. Ila chakula changu kiko kwa jirani, maana hapa kwangu nilikatazwa kuwasha moto." Aliinuka, akamgeukia Bonifasi, na safari hii hakuinamisha macho. "Aliyekikataza ndiye atakayekileta. Shemeji, nenda kabebe chungu."

"Mimi? Mbele za watu?"

"Mbele za watu ulinikataza. Au unataka tuwasindikize wageni na njaa?"

Bonifasi aliangalia huku, akaangalia kule, hakuona wa kumtetea. Akaenda. Alirudi na shati lake jeupe lina masizi tumboni, amebeba chungu cha kuku, na nyuma yake Loyce na ugali wa uwele unaofuka, mlenda wenye karanga, na lile sinia la kashata. Damari akachota kila kitu kidogo, akala mbele yao bila haraka, mpaka na mfupa akaunyonya.

"Sasa hapo ndipo," alisema Bibi Elizabeti, akanawa mikono.

Jamani, walikula! Mlenda ulivutika mpaka kwenye viwiko na hakuna aliyejali. Kashata zilipozungushwa mazungumzo yalikoma, pakasikika meno tu. Chema chajiuza. Bibi Elizabeti alifunga vipande sita kwenye pindo la khanga, akasema vya safari, kisha akamwita Rahel akae karibu yake, akamshika mkono mpaka posa ikaisha kusemwa.

Jua lilipopungua, wageni wakaondoka wakiimba. Damari alikuwa anakusanya vyombo aliposikia mtu nyuma yake. Ni Bonifasi, anajikuna kisogo.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Zile kashata... hazijabaki hata mbili?"

Damari alifuta sinia kwa kitambaa, akaliinua juu, alione lilivyo jeupe.

"Zimekwisha, shemeji. Ila usihofu, biskuti zimebaki tele."