Mbavu za Askari

Hakimu na mshtakiwa walikuwa wakizungumza lugha moja, na kila aliyekuwemo mahakamani asubuhi ile alilijua hilo. Hata hivyo mkalimani alikaa katikati yao, kwenye kiti kilichowekwa na wakoloni kwa ajili ya hakimu wao, ambaye hata maji ya kunywa hakuweza kuyaomba kwa lugha ya wenyeji. Bwana yule alishakwenda zake, bendera ikateremshwa, picha ya ukutani ikabadilishwa. Kile kiti hakuna aliyekigusa.

Mshtakiwa alikuwa muuza nyanya, bibi wa wajukuu watatu, mdomo wake hauna breki. Soko zima lilijua kisa chake. Askari wa manispaa alikuja kumfukuza barabarani kwa mateke. Bibi akamsihi apige polepole, maana suruali ilishachanika nyuma na siri za serikali zilikuwa nje. Askari akacheka mpaka akateleza kwenye nyanya alizozimwaga mwenyewe, akatumbukia mtaroni. Bosi wake hakucheka. Kesi ikawa shambulio, na shambulio kwa askari ni jela.

Aliposomewa shtaka akaulizwa kama ni kweli, bibi alijibu bila kona.

"Nilimvunja mbavu tu, mheshimiwa. Kosa langu ndilo hilo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Askari mwenyewe, mbavu zake zote zikiwa salama, alicheka kuliko wote. Hakimu aliinamisha uso, lakini mabega yalimsaliti.

Mkalimani alikuwa amekula kiapo cha kutafsiri neno kwa neno, na ndivyo alivyofanya, kwa lugha ya wakoloni ambayo bado ndiyo ya mahakama: mshtakiwa anakubali kwamba alimvunja askari mbavu. Karani akaandika. Mwendesha mashtaka akainuka, akasema mshtakiwa amekiri mwenyewe, kilichobaki ni hukumu.

Hakimu akaitazama kalamu yake. Katika kituo chake cha kwanza aliwahi kumsahihisha mkalimani. Rufaa ikatengua kesi, wakubwa wakamkumbusha kwamba hakimu husikia kwa lugha ya mahakama tu, kisha wakamhamishia mahali ambako hata barua zilichoka njiani. Tangu hapo alijifunza kuwa kiziwi saa za kazi. Leo aliona aibu, na haikuwa ndogo. Akaimeza, akaandika miezi sita.

Kabla ya kuisoma hukumu, kama utaratibu ulivyotaka, alimwagiza mkalimani amuulize mshtakiwa kama ana neno la mwisho. Bibi hakumtazama mkalimani. Alimtazama hakimu, na ile "mheshimiwa" akaiweka kando.

"Mwanangu," alisema, "si hata wewe ulicheka?"

Hakimu akamgeukia mkalimani, akasubiri tafsiri.