Mama Konokono na Sehemu ya Pili

Mama yangu aliihukumu ile filamu kabla hajaiona hata picha moja. Kwa muuza mboga, kwa fundi cherehani, kwa jirani aliyekuja kuazima ndoo, kote alitoa hukumu ileile: ya kwanza ilikuwa na roho, ya pili itakuwa na kompyuta tu. Mimi nilikuwa nikitazama pembeni, maana mama akianza mambo ya konokono hana breki.

Filamu yenyewe ni katuni ya nyimbo, kuhusu konokono mdogo wa kike anayetaka kucheza na vipepeo. Ilitengenezwa ng'ambo, na ilipofika kwetu ikaingizwa sauti za Kiswahili. Sauti ya konokono ilikuwa ya mama, ambaye hadi siku ile kazi yake ilikuwa kupokea simu ofisini. Wimbo wake, "Ningojeni", ukaimbwa na kila mtoto mwenye meno na asiye nayo. Tangu hapo watu wanamwita Mama Konokono, sokoni, mtaani, hata kwenye foleni ya benki. Anajidai jina hilo linamchosha, lakini mtu asipomwita hivyo ananuna.

Miaka ikapita, sehemu ya pili ikaja, na studio ikampa nyimbo binti mwingine. Binti akaimba zote kwa majaribio, ila mwongozaji hakuwa na uhakika naye. Ndipo alipompigia mama simu: aje aitazame, aseme ukweli bila kumwonea mtu haya, na kama binti hafai, nafasi irudi kwake mwenyewe. Mama alikata simu akakaa kwenye ngazi. "Wamenikumbuka," akasema. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile. Siku hiyohiyo alianza kunywa maji ya moto na kunifokea kila nilipofungua friji, eti namletea baridi kooni.

Nilimsindikiza. Chumba cha studio kilikuwa kidogo, kuta zimevikwa sponji nyeusi, na kapeti nene kiasi kwamba hatukusikia hata viatu vyetu. Mwongozaji, mwanamume mpole mwenye kitambi, alitupa viti vya mbele. Fundi mitambo alikuwa nyuma kwenye meza yake ya vitufe. Binti mwimbaji alikuwa amesimama ukutani, amejibana kama mgeni aliyefika kabla ya chakula kuiva.

"Shikamoo mama," akasema, akiinama. "Nimekua nikikusikiliza wewe."

"Marahaba," mama akajibu. "Tutaona sasa kama ulisikia."

Nikaona haya kwa niaba yake. "Mama!" nikanong'ona.

"Kwani nimesema nini?"

Taa zikazimwa. Konokono wetu amekua, ana mtoto wake, na mtoto anamcheka kwa ule mwendo wake wa polepole. Mama hakunyamaza. Rangi kali mno. Utani mwingi, hadithi iko wapi? Mbona vipepeo wamenenepa? Hapo hakukosea sana, nakiri. Filamu ya kwanza ilikupa nafasi ya kumhurumia mtu, lakini hii ya pili ilikuwa na haraka, kila mnyama mbio, hata konokono mwenyewe.

Kisha picha ikatulia. Konokono wetu akaingia ndani ya gamba tupu, lile alilokuwa nalo utotoni, na gamba likaanza kuimba "Ningojeni". Hakukuwa na ngoma wala kinanda, ni sauti peke yake na mwangwi wake.

Niliitambua kwenye silabi ya kwanza. Ilikuwa sauti ya mama. Walikuwa wameitoa kwenye filamu ya kwanza, wakaondoa ala zote, ikabaki tupu. Ni sauti iliyonibembeleza nilipougua surua, iliyonitafuta uani jioni nisiporudi. Nikageuka nikidhani nitamkuta analia. Alikuwa amekunja uso.

"Simamisha hapo," akasema.

Picha ikaganda.

"Mwongozaji, ulisema niseme ukweli. Binti huyu ana adabu zake, sikatai. Lakini hii si kuimba. Sikia anavyovuta pumzi katikati ya neno: ningo, halafu jeni. Nani kamfundisha hivyo? Anatetemeka pale juu, chini anameza. Yaani amechukua wimbo wangu akaufanya kilio cha mlango."

Ningeweza kumgusa goti. Nilikuwa karibu naye kiasi hicho, na alikuwa amevuta pumzi kabla ya kuendelea, nafasi ilikuwepo. Sikumgusa. Nilipotaka kuimba kwenye harusi ya rafiki yangu, mama aliniambia sauti yangu inafaa kuitia mbuzi, na nikaacha kuimba kabisa. Sasa nilikaa gizani nikimsikia akijichambua mwenyewe vilevile, na nikaona raha. Ndiyo, raha. Nalisema hili na uso unaniwaka.

"Ana pua ndani ya sauti," mama akaendelea. "Mtu wa namna hii unampa kazi ya kutangaza bei sokoni, humpi wimbo."

Mwongozaji alikuwa anatazama kapeti. Fundi mitambo alikohoa, akakohoa tena.

"Mama, samahani," binti akasema. "Hapo si mimi."

"Ni nani basi?"

Yule binti alinitazama mimi, si mama, akisubiri nifanye kile ambacho mtoto wa mtu angefanya. Nikainamisha macho. Mwishowe fundi akabonyeza vitufe vyake na wimbo ukaanza upya, safari hii ngoma zikaingia, kinanda kikaingia, na chumba kizima kikawa filamu ya kwanza. Midomo ya mama ilianza kuufuata wimbo yenyewe, kwa mazoea. Halafu ikasimama.

Nilitamani ardhi ipasuke, na sijui nilitaka immeze nani kwanza.

"Ala ndizo zilizoondolewa," mwongozaji akasema haraka. "Bila ala mtu yeyote angekosea, mama. Mtu yeyote."

"Endelea na filamu," mama akasema.

Ukafuata wimbo wa binti, wenyewe hasa. Hakuwa na sauti kubwa, lakini alimngoja yule konokono mtoto, kila neno likamfikia. Mama alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya pochi. Taa zilipowashwa alimwendea binti na kusimama mbele yake. Nilidhani ataomba radhi. Nadhani alitaka, ila mdomo wake haujazoea.

"Mchukueni huyu," akamwambia mwongozaji. "Mimi sirudi."

Tulikaa nje kwenye benchi kusubiri teksi. Jua lilikuwa kali na mama hakulalamika.

"Mwanangu," akasema, "wewe uliitambua?"

Nikaona njia zote mbili, na zote zilikuwa za aibu. Nikisema ndiyo, atajua nilikaa pembeni yake nikimwacha ajivue nguo mbele za watu. Nikisema hapana, nitakuwa nimejisitiri mimi.

"Hapana, mama," nikasema.

Akageuka, akanitazama usoni. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Basi ilikuwa mbaya kweli," akasema polepole. "Mtoto hawezi kuisahau sauti ya mama yake, kama ilikuwa na chochote ndani."

Nilikuwa bado nina nafasi. Nilikuwa na maneno yenyewe mdomoni: kwamba niliijua kwenye silabi ya kwanza, kwamba hata kwa pumzi zake zile mbovu ningeijua popote. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni uongo wa mwongozaji.

"Ni ala tu, mama. Walikuwa wameondoa ala."

Teksi ikasimama mbele yetu. Mama akanyanyuka bila kunishika mkono.

"Ndiyo," akasema. "Kumbe ala ndizo zilizokuwa zinanibeba."