Kichwa cha Sato

Shigela alirudi chuoni kusoma shahada ya uzamili akiwa na miaka arobaini na mitatu, akapangiwa bweni moja na vijana wa shahada ya kwanza. Walimpa shikamoo asubuhi, mchana na jioni, naye akaitikia marahaba mpaka mate yakamkauka. Hilo angelivumilia. Lakini kantini, kila walipochanga wakanunua sato, walimwekea yeye kichwa kwa heshima ya umri wake, kisha wakagawana minofu huku anawatazama. Nani kawaambia mtu mzima hana meno?

Mwezi mzima wa kufyonza macho ya samaki ukamtosha. Akafunga godoro lake, akahamia Igogo, kwenye chumba cha kupanga chenye chakula cha jioni, kwa bibi mmoja aliyeitwa Mama Akumu.

"Shikamoo, mama!" alisema kwa raha, maana hapa mtoto ni yeye.

"Marahaba, mwanangu. Njoo ule."

Sato alikuwa mzima, mnene, wa kukaanga. Mama Akumu akamkatia mkia.

"Wanangu wote nimewakuza kwa mkia."

Shigela akameza mate. "Na minofu, mama?"

"Minofu ni ya mwenye nyumba."